Visa vya kuomba viza

Mwalimu aliyenifundisha Jiografia katika kidato cha nne alinijia ofisini hivi majuzi. Baada ya kujuliana hali alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kuiweka mezani kwa namna ile ile aliyozoea kuturudishia karatasi za mtihani tulioanguka, yaani pasi na neno. Kisha akasema: "Wewe ndiwe msomi wa lugha, mwanangu. Hebu nisomee hapa. Wanasema wana mashaka yenye msingi juu ya nia yangu ya kuondoka kwao. Mimi hata kuingia sijaingia. Huo msingi wameuona wapi?"

Karatasi yenyewe ilikuwa ya kunyimwa viza ya utalii. Ilitoka katika ubalozi wa mojawapo ya zile nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja, ile iitwayo ya Schengen. Ni ubalozi upi si muhimu, kwa kuwa fomu ya kukataliwa ni moja kwa nchi zote hizo. Ina orodha ya sababu zilizokwisha kupigwa chapa, na kando ya kila sababu pana kisanduku. Kazi ya afisa ni kutia alama tu. Mwalimu wangu alitiwa alama mbili: kwamba maelezo yake kuhusu madhumuni ya safari na hali ya kukaa kwake huko hayakuaminika, na kwamba palikuwa na mashaka yenye msingi iwapo angeondoka kabla ya muda wa viza kwisha.

Naomba msomaji amfahamu mama huyu kidogo kabla hatujaifikia sheria. Amefundisha kwa miaka 34, na amebakisha miwili astaafu. Kwa miaka yote hiyo, kama mtaala wa 8-4-4 ulivyomwamuru, amekuwa akisimama mbele ya watoto wa Kenya na kuwaeleza jinsi Waholanzi walivyoinyang'anya bahari ardhi. Ningali naiona ramani aliyotuchorea kwa chaki: ukuta wa Afsluitdijk wenye urefu wa kilomita 32, uliokamilika mwaka 1932, na nyuma yake ile iliyokuwa ghuba ya maji ya chumvi ikigeuka kuwa ziwa la maji baridi, na pembezoni mwa ziwa hilo mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari. Alitufundisha makaa ya mawe na chuma cha pua cha Ruhr. Alitufundisha bandari ya Rotterdam. Na, jambo ambalo sasa lanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja, alitufundisha kulinganisha utalii wa Kenya na utalii wa Uswisi. Tulikariri sababu zinazowafanya watalii wamiminike Uswisi: theluji, milima ya Alps, maziwa, reli na barabara nzuri, hoteli zenye sifa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza iwapo mwalimu mwenyewe angeweza kuwa miongoni mwa hao wanaomiminika.

Basi aliweka akiba. Alipanga siku kumi na mbili za likizo ya Agosti, aanzie kwenye ukuta ule, apite Ruhr kwa garimoshi na kuishia Uswisi, nchi ambayo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya iliingia katika mkataba wa Schengen mwaka 2008, hivyo viza ile ile ingemtosha. Alilipa ada, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90, na juu yake malipo ya ile kampuni iliyopewa kandarasi ya kupokea maombi. Alinunua bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 kama inavyotakiwa. Alitoa alama za vidole vyote kumi. Akarudi nyumbani kungoja. Sheria yasema jibu litoke katika siku 15, nazo zaweza kurefushwa hadi 45. Jibu lake lilitoka mapema. Ada hairudishwi.

Kiswahili chetu kimelipokea neno hili viza kwa mzaha ambao sidhani ulikusudiwa na mtu. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ilikuwa nyepesi kabisa: iliyoonwa. Afisa ameiona hati, ameikagua, basi. Kwetu wapo wanaoandika visa na wapo wanaoandika viza, na makundi yote mawili yameangukia maneno yaliyokuwapo zamani. Wanaoandika kwa s wamekutana na wingi wa kisa, yaani hadithi, na mikasa pia, na hata vitimbi, kama tunaposema fulani anamfanyia mwenziwe visa. Wanaoandika kwa z, nami nikiwamo, tumekutana na yai viza, lile lililoatamiwa siku zote hizo lisitoe kifaranga, na kitenzi kuviza, ambacho maana yake ni kukidumaza kitu kisikue. Mwombaji huzipitia maana zote hizo kwa zamu. Kwanza hutakiwa kusimulia kisa, tena kisa na maana. Kisha huhisi kuwa anafanyiwa visa. Na mwishowe, akiwa na bahati mbaya, hukabidhiwa yai.

Na neno mtalii je? Siku hizi tukilisikia twamwona mtu mweupe mwenye kofia pana na kamera, amesimama kwenye paa la gari kule Maasai Mara. Lakini mtalii na mtaala ni ndugu wa toka nitoke. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kusoma na kuchunguza, na zamani kutalii kwa Kiswahili kulikuwa ni kukisoma kitu kwa makini. Kwa maana hiyo sijui ni nani aliye mtalii zaidi ya mwalimu wa Jiografia anayekwenda kuyatazama kwa macho yake yale aliyoyasoma na kuyasomesha nusu ya umri wake. Afisa aliyetia alama hakuwa na haja ya kujua Kiswahili, wala simlaumu kwa hilo. Nasema tu kwamba kisanduku cha utalii ndicho alichokitia alama mwalimu, na ndicho ambacho hakikuaminika.

Sasa tuitazame sheria, kwa maana wengi wetu hukasirika bila kujua tunakasirikia nini. Katika mahakama mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia hadi hatia ithibitishwe. Katika viza mambo yamepinduliwa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, katika kifungu chake cha 214(b), yasema kwamba mwombaji achukuliwe kuwa anakusudia kuhamia huko moja kwa moja hadi atakapomridhisha afisa kuwa sivyo. Kifungu hicho humhusu mtalii, na humhusu vilevile mwanafunzi anayekwenda chuoni. Wanafunzi wangu kadhaa wameondoka dirishani na karatasi yake baada ya mahojiano ya dakika chache, bila bahasha ya hati walizozikusanya kwa miezi kufunguliwa. Ada yake ilipandishwa mwaka 2023 kutoka dola 160 hadi 185. Waingereza nao husema katika kanuni zao kwamba mgeni sharti awe mgeni wa kweli, msemo ambao kila nikiusoma hunifanya nimtafute mgeni wa uongo ana sura gani. Hadi mwaka 2013 aliyenyimwa viza ya kwenda kuwatembelea jamaa zake Uingereza aliweza kukata rufani. Mwaka huo haki hiyo iliondolewa. Schengen kwa upande wao wana kanuni ya mwaka 2009 inayomtaka afisa apime hatari ya mwombaji kubaki, lakini kanuni hiyo hiyo humlazimu ataje sababu za kukataa na kumpa mwombaji haki ya rufani. Mwalimu wangu hakujua kuwa ana haki hiyo, ingawa ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ile ile aliyoikunja mara nne. Aliposoma neno la kukataliwa hakuendelea. Ni wangapi kati yetu huendelea?

Kwa hivyo jambo la kwanza la kufahamu ni hili: pale dirishani hapaombwi kitu, panathibitishwa kitu. Nasi lugha yetu hapa imetuponza. Kiswahili kina kitenzi kimoja, omba, nacho hutumika kwa Mungu, kwa mkopo, kwa kazi, kwa msamaha, kwa sarafu kando ya barabara na kwa viza. Mwenye kuomba kazi na ombaomba wametoka katika shina moja. Si kosa la lugha. Kila lugha ina mahali inapobana na mahali inapoachia. Lakini neno huja na desturi zake, na desturi ya kuomba ni kunyenyekea.

Nilimwomba mwalimu (nami naomba!) anionyeshe nakala ya barua aliyoiambatisha. Ilikuwa ya Kiingereza safi, kurasa mbili. Aya ya kwanza ilimtakia balozi afya njema. Ya pili iliomba radhi kwa kumchukulia wakati wake. Ya tatu ilieleza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba kama ombi hili lingekubaliwa, mwandishi angelishukuru maisha yake yote. Tarehe ya kwenda ilionekana kwenye ukurasa wa pili. Ukuta wa Afsluitdijk haukutajwa, wala Ruhr, wala Alps. Palisemwa tu kuwa anataka kuona uzuri wa bara la Ulaya. Niliitambua barua hiyo papo hapo, kwa sababu ndiyo barua ambayo wazee wetu walikuwa wakimwandikia Bwana DC. Sajili hiyo ya maombi tumeirithi kutoka kwenye afisi za chifu na za misheni, tukaifundisha, tukaipa alama. Aliyeiandika kwa DC alijua kwamba DC akimhurumia mambo yatakwenda. Afisa wa viza hakuajiriwa kuhurumia. Ameajiriwa kuwa na shaka, na barua isiyo na tarehe, mahali wala sababu haimpi chochote cha kuiondolea shaka hiyo.

Tukaipitia faili yote, sisi wawili, kama tunaosahihisha.

La kwanza lilikuwa usiku tatu. Hoteli alizoziwekea nafasi zilikuwa za usiku minane, ilhali kati ya siku ya kufika na ya kurudi kulikuwa na usiku kumi na mmoja. Hizo tatu angelala wapi? Kwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyeko Ujerumani kihalali, mwenye mke, kazi na nyumba, na ambaye alikuwa amemsihi afikie kwake. Mbona hukumtaja? nikauliza. Akasema kwamba katika chumba cha walimu aliambiwa asithubutu, kwamba ukisema una mtu huko basi umejimaliza, watajua unakwenda kujificha kwake. Ushauri wa aina hii huzagaa mijini na vijijini, na wanaoutoa aghalabu ni wale ambao hawajawahi kutia mguu kwenye ubalozi. Kwa kumficha mtu huyo, mwalimu aliacha shimo la usiku tatu katikati ya safari yake, na shimo ndilo lililoonekana. Kisanduku cha kwanza kilitiwa alama kwa haki. Nililisema hilo waziwazi, na kwa kitambo hakunijibu.

La pili lilikuwa fedha. Taarifa ya benki ilionyesha mshahara wake unaoingia kila mwezi na kutoka, kama mishahara yetu yote, na kisha, majuma matano kabla ya maombi, shilingi laki mbili zilizoingia kwa mkupuo. Afisa akiona hivyo hudhani kwamba fedha hizo zimeazimwa ili akaunti inenepe. Ukweli ni kwamba zilikuwa zamu yake katika chama cha akina mama anachokichangia tangu zamani, watu ishirini, elfu kumi kila mmoja. Yeyote aliyekulia Kenya angeelewa kwa nusu sentensi. Lakini benki haina safu ya kuandika zamu ya chama, na faili haikuwa na hiyo nusu sentensi. Nikamwuliza iwapo chama chao kina kumbukumbu. Akaniangalia kwa mshangao: kumbe kitakosaje, na yeye ndiye katibu? Kipo kitabu kizima, kila mkutano umeandikwa, waliohudhuria, waliotuma udhuru, aliyepokea na kiasi alichopokea, sahihi mbili chini. Kila mwaka watahiniwa wa Kiswahili hujifunza kuandika kumbukumbu za mkutano kwa ajili ya lile swali la kwanza la insha ambalo ni la lazima, na sijui kama tumewahi kuwaambia kuwa kumbukumbu ni ushahidi, kwamba siku moja zaweza kumvusha mtu mpaka.

La tatu ndilo lililonikaa moyoni zaidi kwa kuwa ni la taaluma yangu. Maafisa wa viza hutafuta kile wanachokiita mafungamano: kitu kitakachomvuta msafiri arudi kwao. Kazi, mali, familia. Kazi mwalimu anayo, na barua ya mwajiri ilikuwapo. Mali yake kubwa ni shamba analolilima kwa zaidi ya miaka 25, lakini hatimiliki ingali katika jina la marehemu baba mkwe, na urithi haujakamilishwa. Hivyo hakulitaja, na kwa karatasi hana ardhi. Na familia? Ni mjane. Watoto aliowazaa ni wakubwa, wana miji yao. Nyumbani anaishi na watoto wawili wa marehemu dada yake, aliowachukua wakiwa wadogo. Kwa lugha yetu watoto wa dada yako ni watoto wako, nawe kwao ni mama, mama mdogo au mama mkubwa, lakini mama. Hakuna anayeuliza zaidi. Kiingereza alichokitumia kina neno moja tu kwa mama mdogo, mama mkubwa, shangazi na mke wa mjomba, na upande wa pili kina neno la watoto wa ndugu ambalo halimfungi mtu yeyote kwa lolote. Alipoandika kwamba anaishi na watoto wa ndugu, alikuwa ameandika sawasawa kisarufi, na wakati huo huo ameikata kamba iliyo nene kuliko zote zinazomfunga na nyumba yake. Aliyeisoma barua aliona mwanamke mpweke wa miaka 58, asiye na mume, asiye na ardhi, aliyeingiziwa laki mbili juzi. Hebu tuseme kweli: kwa hati zile, sisi wenyewe tungalimwamini?

Simaanishi kwamba lawama yote ni yake. Fomu iliandikwa mahali ambapo mtu ana mume au mke, watoto aliowazaa, nyumba yenye jina lake na akaunti inayopanda polepole. Anayeishi vingine hutakiwa ajitafsiri, na tafsiri ni kazi ambayo hata wanaolipwa kwayo hukosea. Mwalimu wa Ulaya anayekuja kuona nyumbu wakivuka mto Mara haulizwi shamba lake limeandikwa kwa jina la nani. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni wote na kuweka mahali pake idhini inayoombwa kwa njia ya kielektroniki, kwa dola 30, bila mahojiano. Palikuwa na malalamiko, maana raia wa nchi kadhaa za Afrika waliokuwa wakiingia bure walijikuta wanalipa. Mwaka 2025 serikali ikawaondolea sharti hilo raia wa karibu nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya. Sisi na sisi tuna visanduku vyetu.

Wala haifai tujifanye hatuna jamaa waliokwenda kwa mwezi mmoja wakakaa miaka kumi. Tunao. Tunao pia madalali mjini Nairobi ambao kwa malipo watakutengenezea taarifa ya benki, barua ya mwajiri na hata mwajiri mwenyewe. Kila faili ya uongo inayopita na baadaye kugunduliwa huongeza mashaka kwenye faili ya kweli inayofuata. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Viza ya utalii imeigeuza methali hiyo: mgeni asiliguse jembe hata siku ya tisini, na kabla hajabisha hodi aonyeshe viganja vyake, vikaguliwe kama si vya mtu anayelitamani.

Niliposema habari ya viganja mwalimu alicheka, akanikumbusha kipande. Kwa vijana wasiokijua, kipande kilikuwa cheti kilichowekwa na sheria ya ukoloni ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimu miaka 16 alilazimika kuwa nacho anapotoka katika eneo lake: jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Kilitiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Babu yake alikivaa. Sisemi viza ni kipande. Hakuna aliyemlazimisha mwalimu kwenda Ulaya, na babu yake hakuwa mtalii katika nchi yake mwenyewe. Kinachofanana ni sarufi yake tu: mtu hatoshi kujisemea, sharti mwajiri, benki na vidole vimsemee. Alama za mwalimu zitahifadhiwa katika hazina ya Schengen na zaweza kutumika tena kwa miezi 59 bila yeye kuzitoa upya. Kukataliwa kwake nako kumehifadhiwa. Fomu ya Uingereza humwuliza mwombaji iwapo amewahi kunyimwa viza na nchi yoyote, na atakapojibu itambidi aseme ndiyo. Akisema la, hapo ndipo atakuwa mgeni wa uongo kweli.

Alikuwa na njia mbili: kukata rufani au kuomba upya. Muda wa rufani hutofautiana nchi na nchi, na wake ulikuwa umepita akiwa ameikunja karatasi mkobani. Akaamua kuomba upya kwa ajili ya Agosti inayokuja. Sheria inaruhusu maombi kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, basi ana wakati.

Nilikataa kumwandikia barua. Nilimwambia kwamba aliponifundisha hakunichorea ramani katika daftari langu, alinichorea ubaoni, nami nikachora yangu. Nilichofanya ni kumwuliza maswali ambayo afisa angemwuliza, na kila alipojibu nikamwambia: liandike hilo hilo. Barua ya pili ni ukurasa mmoja. Inaanza na tarehe ya kufika na ya kurudi. Inataja kila mji na kila kitanda, pamoja na usiku tatu kwa mwanafunzi wake, ambaye ametuma barua ya mwaliko na nakala ya kibali chake cha kuishi. Inaeleza zile laki mbili kwa sentensi mbili na kuelekeza kwenye nakala ya kumbukumbu za chama, iliyotafsiriwa na kutiwa sahihi na mwenyekiti na mweka hazina. Inasema kuwa shamba liko katika jina la baba mkwe na kwamba barua ya chifu imeambatishwa. Inakiri kuwa alinyimwa mwaka jana na kueleza ni nini kilichokosekana. Halafu inasema hivi, nami naitafsiri kama ilivyo: Ninawalea watoto wawili wa marehemu dada yangu, ambao kwa lugha yangu ni watoto wangu. Mkubwa atafanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, na karo yake hutoka katika mshahara wangu, risiti zimeambatishwa.

Tulibishana juu ya sentensi moja tu. Mwishoni alikuwa ameandika kwamba anataka kusimama juu ya ukuta ambao ameuchora kwa chaki kwa miaka 34. Aliandika, akaifuta, akaiandika tena. Alidai kwamba si ushahidi, ni hisia, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aache hisia. Nikamwambia hiyo ndiyo sababu ya safari, na hakuna mwombaji mwingine katika foleni ile anayeweza kuiazima. Alifikiri. Siku iliyofuata aliniletea nakala ya ukurasa wa maandalio yake ya somo ya mwaka 1998, karatasi iliyokwisha kuwa rangi ya chai, yenye ramani ya Zuiderzee iliyopakwa penseli ya buluu, na mhuri wa shule pembeni. Akaibana nyuma ya barua kama kiambatisho cha tisa.

Miadi yake ni Jumanne saa mbili u nusu asubuhi. Ameomba ruhusa ya nusu siku kwa mwalimu mkuu, na kidato cha nne amekiachia kazi ya kufanya: wachore ramani ya ukuta, waonyeshe upande wa maji ya chumvi na upande wa maji baridi.